Alama za Vita si Hukumu

Mazungumzo ya komite ya afya mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka

   Tutajaribu kusema mambo magumu kwa lugha ambayo kila mtu atarudi nayo nyumbani, hata yule ambaye atasomewa gazeti letu na mtoto wake.

Katika kuzunguka kwetu mitaani na vijijini, kuko swali moja linalorudi. Linakuja kwa sura nyingi. Mama anauliza: "Mimba hii niliibeba wakati tunakimbia, sasa mutoto anaanguka kifafa. Ni ile mbio iliingia ndani yake?" Kijana anauliza: "Mimi nilizaliwa kambini, na baba yangu alirudi kichwa hakiko sawa. Nikioa, watoto wangu watakuwa vile?" Na wazee, siku ya kupanga mahari, wanaulizana kwa sauti ya chini: "Ule ukoo, damu yao iko muzuri?"

Tena sasa radio nazo zimeanza kusema kwamba wanasayansi wameona taabu ya mzazi inaandikwa katika mwili wa mtoto. Watu wamesikia nusu ya habari, na nusu hiyo imeshika na maneno ya zamani juu ya laana. Matokeo tunayaona. Kuna posa zilizorudishwa kwa sababu shemeki mdogo anaanguka kifafa. Kuna watoto wanaofichwa chumba cha nyuma wageni wakija. Kuna wamama waliotupiwa neno na bakwe kwamba tumbo lao ndilo liliharibu uzao. Kuna wagonjwa walioacha dawa, maana waliambiwa kitu cha damu hakina dawa.

Kwa hiyo jibu letu tunaliweka mbele, kisha tutalieleza. Ndiyo, taabu ya mzazi inaweza kuacha alama katika mwili wa mtoto. Hapana, alama hiyo si hukumu. Na sehemu kubwa ya magonjwa ya ubongo tunayoyasukuma juu ya damu ya ukoo inatoka kwenye chungu, kwenye chumvi, kwenye homa isiyotibiwa, na kwenye uzazi bila msaada. Mambo hayo yako karibu na mikono yetu.

Kitabu kimoja, alama mbalimbali

Kila mtu amepokea kwa baba na kwa mama maagizo ya kujenga mwili. Maagizo hayo yanaitwa jeni, nayo yameandikwa katika kitu kinachoitwa DNA. Tuchukue mfano wa kitabu cha nyimbo cha kanisa. Kitabu ni kilekile kwa kwaya zote. Lakini kiongozi wa kila kwaya anatia alama kwa kreyo: wimbo huu tuimbe, huu tuuruke, huu tuimbe polepole. Maneno ya kitabu hayabadiliki. Kinachobadilika ni kile kinachosikika siku ya Mungu.

Mwili unafanya vile. Chembe ya ubongo na chembe ya ini ziko na kitabu kimoja, ila alama zao si moja. Ndiyo maana ubongo ni ubongo na ini ni ini. Moja ya alama hizo ni kipande kidogo sana cha kemikali, kinaitwa methili. Kinashika juu ya DNA, na mara nyingi jeni iliyoshikwa inanyamaza au inapunguza sauti. Elimu ya alama hizo inaitwa epijenetiki.

Sasa, alama hizo haziandikwi mara moja na kwisha. Chakula, njaa, hofu ya muda mrefu, moshi wa tumbaku, pombe: vyote vinaweza kuongeza alama au kuziondoa. Na wakati ambapo mwili unaandikwa haraka kuliko wakati mwingine wowote ni tumboni mwa mama na miaka ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hapo ndipo swali la wamama wetu linapoingia.

Yaliyoonekana Uholanzi na China

Mtu asifikiri haya ni mambo ya Waafrika. Uchunguzi unaojulikana zaidi ulifanywa Uholanzi. Katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia upande wa magharibi wa nchi hiyo. Mgao wa chakula wa mtu ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watu karibu 20,000 walikufa. Wamama wenye mimba nao walikuwa ndani ya njaa ileile. Kwa kuwa vitabu vya hospitali vilitunzwa vizuri, waganga waliweza kuwafuata wale watoto mpaka uzee.

Waliona mambo matatu. Kwanza, kati ya watoto ambao mimba yao iliingia wakati njaa imekaza, waliozaliwa na mgongo wazi na magonjwa ya namna hiyo walikuwa wengi kuliko kawaida. Pili, walipokuwa watu wazima, ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia ulionekana kwao karibu mara mbili kuliko kwa wengine. Tatu, mwaka 2008, yaani miaka karibu 60 baada ya njaa, watafiti waliwapima wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupita katika njaa ile. Kwenye jeni moja inayohusika na kukua, alama za methili zilikuwa pungufu kwa wale waliotungwa ndani ya njaa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, alama tofauti.

China nako kulikuwa na njaa kubwa, mwaka 1959 mpaka 1961. Katika eneo la Wuhu, mkoa wa Anhui, kati ya waliozaliwa mwaka 1959, wenye skizofrenia walikuwa kama 8 katika watu 1,000. Kati ya waliozaliwa 1960, walikuwa kama 21 katika 1,000.

Bandugu, tushike hesabu hiyo kwa mikono miwili. Mutu akisema "mara mbili na zaidi", moyo unaanguka. Lakini 21 katika 1,000 maana yake watu 979 hawakupata ugonjwa ule. Walipita katika njaa mbaya kuliko zote, tumboni, na walio wengi walikua na akili zao. Hatari iliongezeka, hilo ni kweli na ni jambo zito kwa nchi. Lakini kwa mtoto mmoja aliye mbele yako, kuzaliwa katika taabu hakukuambii kwamba atagonjwa.

Yaliyoonekana karibu na sisi

Rwanda, watafiti walichukua wamama 25 Watutsi waliokuwa na mimba wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, pamoja na watoto waliozaliwa kwa mimba zile. Wakawalinganisha na wamama wengine 25 wa kabila lilelile waliokuwa na mimba kipindi hicho lakini wakiishi nje ya nchi, pamoja na watoto wao. Habari ilitoka mwaka 2014. Wamama waliopita katika mauaji, na watoto wao, walikuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni inayosaidia mwili kutuliza homoni ya hofu. Huzuni na majeraha ya moyo nayo yalikuwa mazito zaidi kwao.

Na kwetu Kongo, Goma, watafiti walipima wamama 25 na watoto wao wachanga, wakachapisha mwaka 2012. Waliwauliza wamama yale waliyoyapitia, hasa mambo ya vita, wakapima uzito wa mtoto, wakapima alama kwenye jeni hiyohiyo. Mama aliyepita katika mengi, mtoto wake alielekea kuwa na alama nyingi zaidi na kuzaliwa na kilo chache.

Wamama hao 25 wa Goma wanafanana na sisi. Wengi wetu tulivuka ziwa kuanzia 1996, tukakaa Nyarugusu na Lugufu, na kuanzia mwezi wa kumi 2005 maboti yakaanza kuturudisha hapa Baraka. Mimba nyingi zilibebwa njiani. Kwa hiyo hatuwezi kusema jambo hili halituhusu.

Lakini tusome vizuri kilichoandikwa. Hizi ni hesabu za watu wachache, 25 huku na 25 kule. Zinaonyesha alama kwenye sehemu ya mwili inayotawala hofu na usingizi wa roho. Hazikuonyesha kwamba mbio za mama zinamletea mtoto kifafa. Hazikuonyesha kwamba mtoto wa aliyeteswa atakuwa mtu wa vurugu. Mutu akikuambia hivyo na kusema ni sayansi, mwambie sayansi haikusema.

Je, inapita mpaka wajukuu?

Swali hili wazee wanalipenda, na tunalijibu polepole maana hapa ndipo watu wanapotea.

Mama akiwa na mimba ya mtoto msichana, ndani ya msichana huyo mchanga tayari kuna mayai ambayo siku moja yatakuwa watoto wake. Maana yake njaa moja inagusa watu watatu kwa mara moja: bibi, mama, na mjukuu ambaye bado ni yai. Mjukuu akionekana na alama, si lazima "amerithi". Yeye mwenyewe alikuwako, ndani ya tumbo ndani ya tumbo.

Zaidi ya hapo, mwili uko na desturi ya kufuta. Wakati mbegu na mayai vinatengenezwa, na tena siku za kwanza baada ya mimba kuingia, alama zilizo nyingi zinafutwa, kitabu kinaanza karibu safi. Kwa panya na kwa mimea wameona baadhi ya alama zinaponyoka. Kwa wanadamu haijathibitishwa kwamba alama ya taabu inapita kwa njia ya mwili peke yake hadi vizazi vilivyo mbali. Kwa hiyo kusema "ukoo ule umeharibika mpaka vitukuu" ni kusema kitu ambacho hakuna maabara imekionyesha kwa mwanadamu.

Alama zinaweza kubadilika

Jambo linalotupa nguvu lilionekana Montreal, nchini Kanada, mwaka 2004. Watafiti waliangalia panya. Kuna panya mama wanaolamba na kusafisha watoto wao sana, na kuna wanaowalamba kidogo. Watoto waliolambwa kidogo walikua waoga, na jeni ileile ya kutuliza hofu ilikuwa imejaa methili. Ikaonekana kama urithi: mama mwoga, mtoto mwoga.

Kisha wakabadilisha. Mtoto wa panya anayelamba kidogo wakampa mama anayelamba sana, tangu kuzaliwa. Mtoto yule akakua ametulia, na alama zake zikawa kama za watoto wa yule aliyemlea. Damu ilikuwa ya yule mama wa kwanza. Alama zilitoka kwenye malezi.

Mtu si panya, tunajua. Lakini wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapa tunaona kwamba neno hilo linafika mpaka ndani ya chembe. Baba anayesikia haya aulize nyumbani kwake: mama mwenye mimba anapigwa? Anabeba mihogo kutoka shambani peke yake mpaka siku ya mwisho? Analala na njaa ili wengine wale? Hayo nayo yanaandika.

Magonjwa yanayofanana na urithi

Sasa tushuke chini, kwenye magonjwa ambayo tunayaona kwa macho. Kuna magonjwa ya ubongo na ya mishipa ya fahamu yanayoshika nyumba nzima, mama na watoto, na kila mtu anasema ni ukoo. Kongo yetu iko na mifano miwili iliyojulikana dunia nzima.

Wa kwanza ni ukosefu wa ayodini. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, na kule Ubangi, kaskazini-magharibi ya nchi, watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo, rovu. Kati yao watoto walizaliwa wafupi sana, viziwi, au akili haikui. Nyumba moja ilikuwa na watoto wawili, watatu wa namna hiyo. Nani asingesema ni damu? Watafiti waliokaa huko miaka ya 1960 na 1970 waliona udongo na chakula havina ayodini ya kutosha, na muhogo usiotayarishwa vizuri ulizidisha shida, maana sumu yake inazuia mwili kutumia hata ile ayodini kidogo iliyopo. Dawa yake ilikuwa ayodini: kwanza mafuta ya ayodini, baadaye chumvi. Ukoo haukubadilishwa. Chumvi ndiyo ilibadilishwa.

Wa pili ni konzo. Mtu analala mzima, na kwa siku chache miguu yote miwili inakakamaa, asipone tena. Inashika sana watoto wenye zaidi ya miaka mitatu na wamama wa umri wa kuzaa. Ugonjwa huu ulielezwa kwa maandishi Kwango mwaka 1938, na jina lake linatoka katika lugha ya Wayaka, maana yake miguu iliyofungwa. Usisemwe kwamba ni mambo ya mbali: umeonekana pia hapa Kivu ya Kusini, Burhinyi katika Mwenga. Unatokana na sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, hasa wakati watu hawana chakula kingine. Wakati wa vita na njaa mama anafupisha siku za kuloweka, maana watoto wanalia na wezi wako shambani. Nyumba nzima inakula ugali uleule, nyumba nzima inagonjwa. Mbio za vita zimefika kwenye miguu ya mtoto, kweli, lakini zimepita kwenye chungu.

Na kinga yake wamama wanaiweza. Loweka muhogo mchungu siku tatu kamili. Unga ukishakuwa tayari na una mashaka nao, uchanganye na maji uwe uji mzito, utandaze mwembamba juu ya mkeka au sinia, uuache saa tano kivulini au saa mbili juani, sumu itoke kama hewa. Upike siku ileile. Ongeza maharagi na ndagala kila ikiwezekana, maana mwili unahitaji nyama ya maharagi na samaki ili kuvunja sumu iliyobaki.

Juu ya kifafa

Hapa tunasema wazi, maana hapa ndipo watu wetu wanaumia zaidi.

Kifafa hakiambukizi. Hakipiti kwa mate, wala kwa povu, wala kwa jasho, wala kwa mtu kuchomeka na moto wa nyumba moja. Mtu akianguka, mugeuze ubavu, muondoe vitu vya kumuumiza, musimtie kijiko mdomoni, mukae naye.

Kinatoka wapi? Kwa watoto wetu, mara nyingi kinatoka kwenye uzazi mgumu ambapo mtoto alikosa hewa, kwenye malaria iliyopanda kichwani, kwenye homa ya uti wa mgongo, kwenye kuumia kichwa, na kwenye minyoo ya tegu ya nguruwe ambayo mayai yake yanaingia kwa uchafu. Kule Ituri na Bas-Uele, vijiji vilivyo kando ya mito yenye maji ya kasi, wanapoumwa na vile vijinzi vya upofu wa mito, viko na kifafa kingi. Mectizan inasaidia kukinga. Kuna aina za kifafa ambazo sehemu yake inatoka kwa jeni, ndiyo. Hata hapo, ndugu walio wengi wa mgonjwa hawapati.

Kwa hiyo yule mama aliyeuliza kama mbio ziliingia ndani ya mtoto, tunamjibu hivi: kukimbia kwako hakukumpa kifafa. Lakini vita ilifunga barabara ya maternite, vita ilimaliza dawa ya malaria kwenye santre, na mtoto akaumia ubongo. Wewe hukufanya kosa, na damu yako haina kosa. Dada yake aolewe.

Na kifafa kina dawa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hadi watu 70 katika 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kama wanapata matibabu sawasawa. Phenobarbital ni ya bei ndogo na waganga wa santre wanaijua. Mambo mawili ya kushika: dawa isikatwe ghafula, maana kukata ghafula kunaweza kuleta degedege isiyokoma, hata kifo. Na msichana au mama anayeweza kupata mimba asipewe dawa inayoitwa valproate kama kuna nyingine inayomfaa, maana inaweza kuharibu ubongo wa mtoto tumboni. Asiache mwenyewe, aende kwa muganga abadilishiwe.

Tunachoomba mkutano huu uamue

Kama alama zinaandikwa hasa tumboni na miaka ya kwanza, basi hapo ndipo fedha ya chama inapaswa kuanza. Komite inaleta mambo manne.

Moja, tufungue mfuko wa mimba, pembeni ya AVEC zetu, usichanganywe nazo. Kila mwanachama atoe franka 500 kwa mwezi. Mfuko ulipe moto ya kumpeleka mama maternite usiku, na vipimo vya CPN kwa asiye na uwezo. OMS tangu 2016 inashauri mama aonane na muganga mara 8 katika mimba moja. Sisi tuanze kwa kuhakikisha hakuna mama wa chama anayeenda mara moja tu.

Mbili, vidonge vya chuma na asidi foliki. Mgongo wa mtoto unafungika katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama wako na mimba. Kwa hiyo anayepanga kuzaa aanze foliki kabla, mikrogramu 400 kwa siku. Maharagi na lengalenga vinasaidia, ila havitoshi peke yao. Pamoja na hilo, chandarua, dawa ya kuzuia malaria wakati wa mimba, chumvi yenye ayodini, na lotoko na kanyanga zikae mbali kabisa na mama mwenye mimba. Pombe inaharibu ubongo wa mtoto na uharibifu huo haurudi nyuma.

Tatu, akiba ya dawa ya kifafa. Mgonjwa wa kifafa asikose dawa kwa sababu boti haikufika au barabara imefungwa. Tunataka akiba ya miezi mitatu, ikae santre chini ya muganga, hesabu isomwe hapa kila mkutano.

Nne, wamama wawili katika kila mtaa wamtembelee mama mwenye mimba na mama aliyejifungua, hasa yule aliyepita katika mabaya au anayeishi peke yake. Wabebe maji, wachote kuni, wasikilize. Hilo halina gharama kubwa, na kwa yote tuliyoeleza leo, ni sehemu ya dawa.

Kwa warafiki wanaotusaidia tuko na maneno machache, na mutupokee kwa upole. Muko mnatuuliza tuandike katika ripoti ni watoto wangapi "walioathirika". Tutaandika wangapi wanahitaji dawa, wangapi wanahitaji shule, mama wangapi wanahitaji moto ya usiku. Lakini tunaomba musituite kizazi kilichoharibika. Watoto wa njaa ya Uholanzi hawakuitwa vile. Walikua, wakafanya kazi, wakalea watoto. Jina baya linarudi kijijini haraka kuliko msaada, na likirudi linazuia ndoa za wasichana wetu. Fedha ya semina moja katika hoteli ingelinda akiba ya dawa ya kifafa kwa muda mrefu. Hilo tunaliweka mbele yenu mulipime.

Kwa wanachama, tunamaliza na kazi ya nyumbani. Yule mtoto aliye chumba cha nyuma, mumtoe nje, mumpeleke santre wiki hii. Ile posa iliyorudishwa, wazee wakae tena. Unga wa leo, muuangalie kama umelowekwa siku tatu.

Kisha mutuambie, kwa kunyosha mikono, kama mfuko wa mimba uanze mwezi huu au mwezi ujao. Sisi komite tunaomba mwezi huu, maana kuko wamama wanne kati yetu leo ambao hawawezi kungoja.